Tuta la Mboga Halijengwi kwa Udongo wa Mwaloni

Na Mganga Msaidizi wa Zahanati

Leo tutazungumza juu ya bustani ya mboga. Huenda ukasema, "Mganga ana nini na jembe? Kazi yake ni sindano na vidonge." Lakini kila siku ya kliniki ninapima watoto wa kijiji chetu. Wengine uzito wao haupandi. Wengine wana viganja vyeupe kwa upungufu wa damu. Mama mmoja aliniambia kuwa mtoto wake jioni hujikwaa kwenye vigoda, kana kwamba haoni. Hiyo ni dalili ya ukosefu wa vitamini A. Vidonge na matone ninayo, lakini ukosefu huu huanzia jikoni.

Kijiji chetu kiko katika ukanda wa dhahabu, kati ya Geita na Kahama. Vijana wanashinda kwenye maduara wakichimba mawe. Fedha zinapita mikononi mwa watu. Mboga, hata hivyo, zinatoka mbali kwa baiskeli, zinafika zimenyauka, na bei yake ni kubwa. Nyumba nyingi hula ugali kwa dagaa kidogo, au kwa chumvi.

Kwa hiyo kamati ya afya ya kijiji iliamua kuwa zahanati iwe na bustani ya mafunzo. Kina mama waje kliniki, wajifunze kutengeneza matuta, kisha kila mmoja akatengeneze tuta lake nyumbani. Mimi nilikubali kuwa msimamizi. Na mimi ndiye niliyefanya kosa ninalotaka kukusimulia. Ninalisimulia ili wewe usilirudie.

KOSA LETU

Nyuma ya zahanati yetu udongo ni wa mbuga, mweusi na mzito. Mvua ikinyesha, maji yanasimama. Jua likiwaka, ardhi inapasuka. Katika udongo kama huo tuta la kuinua linafaa sana, maana mizizi hupata hewa na maji hayasimami. Lakini tulihitaji udongo mlaini wa kuchanganya.

Si mbali na hapo kuna chungu ya udongo wa kijivu, mlaini kama unga. Jembe linazama bila nguvu. Tulichukua mikokoteni sita, tukajenga matuta manne mazuri, tukapanda mchicha. Mchicha ukaota. Tukakata mara ya kwanza, tukagawana na kina mama. Mimi pia nilipeleka fungu moja nyumbani, nikala.

Siku moja akaja bibi mmoja kupima shinikizo la damu. Alisimama kwenye matuta, akachukua udongo kidogo, akausugua kwa vidole.

"Mganga, mjukuu wangu, udongo huu mmeutoa wapi?"

"Shikamoo, bibi. Tumeutoa pale kwenye chungu, karibu na mti wa mkuyu."

"Marahaba. Pale palikuwa na mwalo. Babu yako alikuwa akioshea dhahabu pale, miaka mingi. Alikuwa akiishika zebaki kwa mikono, tena akiichoma hapo hapo. Leo hawezi kushika kikombe cha chai bila kumwaga."

Nilinyamaza. Mikono ya mzee inaweza kutetemeka kwa sababu nyingi, lakini zebaki ni mojawapo. Nilimwita afisa afya wa kata. Alipofika alisema neno moja ambalo sijalisahau: "Hii siyo ardhi. Haya ni marudio."

Kesho yake ilikuwa siku ya kukata mchicha mara ya pili. Kina mama walikuja na vikapu. Niliwaambia kuwa tunang'oa mboga zote. Mama mmoja mwenye mtoto mgongoni alikasirika. Alisema, "Mganga, wewe ndiye uliyetuambia tule mboga. Leo unatuambia tuzitupe. Sasa watoto wale nini?" Alikuwa na haki ya kukasirika. Nilipita pia nyumba kwa nyumba kwa wale waliokula, nikawaeleza ukweli. Haikuwa kazi rahisi.

MARUDIO NI NINI?

Mchimbaji hupeleka mawe kwenye karasha yasagwe. Unga wa mawe huoshwa mwaloni. Kisha hutiwa zebaki, ile ya majimaji yenye rangi ya fedha. Zebaki hushikana na dhahabu. Mchimbaji huichoma kwa moto. Zebaki huruka kwa mvuke, dhahabu hubaki. Mchanga unaobaki baada ya kuoshwa ndio unaoitwa marudio. Ndani yake hubaki zebaki. Aidha, mawe ya dhahabu yanaweza kuwa na sumu nyingine za asili, kama vile risasi na aseniki. Na marudio yaliyopelekwa kwa wenye mitambo ya kuchenjua hutiwa sianidi, ambayo nayo ni sumu kali.

Jambo hili halikuanza kwetu. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 mradi wa Umoja wa Mataifa kuhusu zebaki ulifanya uchunguzi katika kijiji cha Rwamagasa, Geita. Wataalamu walikuta zebaki katika marudio, na pia katika udongo wa mashamba ya mbugani ambako maji hutiririka kutoka sehemu za kuoshea. Maana yake ni kwamba zebaki haikai mahali ilipomwagwa. Inafuata maji.

Huko Japani, katika mji wa Minamata, kiwanda kilimwaga zebaki baharini. Samaki waliibeba, na watu wakala samaki. Ugonjwa wao ulitambuliwa mwaka 1956. Watu walishindwa kutembea na kusema, na watoto wengine walizaliwa na vilema ingawa mama zao walionekana wazima. Mwaka 2013 mataifa yalitia sahihi Mkataba wa Minamata wa kupunguza matumizi ya zebaki. Tanzania iliuridhia mwaka 2020.

Zebaki hudhuru ubongo, mishipa ya fahamu na figo. Mtu anaweza kutetemeka, kusahau, kukosa usingizi, au kupata ganzi. Mtoto aliye tumboni na mtoto mdogo ndio wanaodhurika zaidi, maana ubongo wao bado unakua. Na njia iliyo mbaya kuliko zote ni kuvuta mvuke wake wakati wa kuchoma. Kwa hiyo usichome zebaki jikoni, wala ndani ya nyumba, wala karibu na bustani.

Je, kula mchicha ule mara moja kulituua? Hapana. Madhara ya sumu hizi hujikusanya kidogo kidogo, siku hadi siku. Haba na haba hujaza kibaba, hata kibaba cha sumu. Ndiyo maana hatukungoja mtu augue.

Zingatia mambo haya matatu. Kwanza, huwezi kuitambua sumu hii ndani ya mboga kwa macho, kwa pua wala kwa ulimi. Pili, kupika au kuchemsha hakuiondoi. Tatu, kuosha mboga huondoa vumbi la juu, lakini hakuondoi kilichokwisha ingia ndani ya jani.

KUCHAGUA MAHALI

Tulirudisha udongo ule wote mahali tulipoutoa. Kisha tulianza upya, na safari hii tulianza kwa kuuliza. Tuliwaita wazee chini ya mwembe. Tuliwauliza, "Mahali gani hapajawahi kuchimbwa wala kuoshewa dhahabu?" Wazee wanajua. Walituonyesha pembe ya ngitili ya zamani, mahali palipokuwa pakitunzwa majani ya mifugo tangu enzi za babu zao. Ngitili hizi ndizo zilizorudishiwa uhai na mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga ulioanza mwaka 1986. Ardhi iliyotunzwa hivyo ina historia inayojulikana.

Wewe pia, kabla ya kushika jembe, jiulize maswali haya:

Je, hapa pamewahi kuwa na mwalo, karasha, au mahali pa kuchomea dhahabu?

Je, mvua ikinyesha, maji yanatoka wapi kuja hapa? Bustani iwe upande wa juu, siyo chini ya mwalo.

Je, upepo unaleta vumbi la karasha?

Je, maji ya kumwagilia yanatoka kisima safi? Usitumie maji ya madimbwi ya mwaloni. Usitumie maji yaliyofuliwa nguo za mgodini.

Ukiwa na shaka, mwite afisa afya au afisa kilimo wa kata. Ikiwa shaka haiondoki, tafuta mahali pengine. Kuhamisha tuta ni kazi ya siku mbili. Ubongo wa mtoto ukishaharibika, haurudi.

JINSI YA KUTENGENEZA TUTA

1. Pima. Upana uwe meta 1, ili mkono ufike katikati kutoka kila upande bila kukanyaga tuta. Urefu uwe meta 5. Kama huna utepe wa kupimia, hatua moja ndefu ya mtu mzima ni karibu meta 1. Acha njia ya sentimita 50 kati ya tuta na tuta.

2. Lima. Chimbua udongo kina cha sentimita 30, yaani urefu wa rula ya mwanafunzi. Ondoa mizizi na mawe.

3. Inua. Chukua udongo wa juu wa njia, uweke juu ya tuta. Tuta liinuke sentimita 20 hadi 30. Kama udongo ni wa mbuga, changanya na mchanga wa luseni kutoka shamba linalojulikana. Usichukue mchanga wa mtoni chini ya mwalo.

4. Tia mbolea. Tia debe 3 hadi 5 za samadi iliyooza vizuri, au mboji. Samadi mbichi huunguza miche. Kwetu Usukumani samadi ya zizini si haba. Kinyesi cha binadamu kisitumike, maana huleta minyoo na kuhara.

5. Zuia kingo. Tumia matofali ya udongo, miti, au majani ya mgomba. Usitumie magwangala wala mawe yaliyotoka mgodini. Usitumie viroba vilivyobebea mawe ya dhahabu, wala mapipa na madumu ya dawa za mgodini, hata yakioshwa.

6. Panda. Mchicha usiwe kwa mistari, sentimita 20 kati ya mstari na mstari. Utaanza kula baada ya wiki 3 au 4. Sukuma wiki isie kitaluni kwanza, kisha hamisha miche baada ya wiki 4, sentimita 45 kati ya mche na mche. Usisahau mboga za kwetu: mgagani, mlenda, kunde, maboga na matembele. Hizi zinavumilia jua.

7. Funika. Tandaza nyasi kavu juu ya udongo, ili unyevu usipotee.

8. Mwagilia asubuhi na jioni. Zungushia matawi ya miiba. Mbuzi hasomi gazeti.

Angalia jambo hili. Tuta la kuinua ni zuri wakati wa mvua, na katika udongo unaotuamisha maji. Lakini wakati wa kiangazi, mwezi wa Juni hadi Septemba, tuta la kuinua hukauka upesi, hasa kwenye luseni. Wakati huo fanya kinyume. Tengeneza tuta la kuzama, lililo chini ya usawa wa ardhi kwa sentimita 15, ili maji kidogo uliyonayo yasikimbie. Bustani yetu ina aina zote mbili, na kina mama wanaona tofauti kwa macho yao.

BUSTANI IWE DARASA

Wazee wetu wanakumbuka kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973, na ile ya Chakula ni Uhai ya mwaka 1975. Katika Mtu ni Afya watu karibu milioni 2 walikaa katika vikundi. Walisikiliza redio, walisoma kijitabu, walijadiliana, kisha waliinuka wakachimba vyoo. Walijifunza kwa masikio, kwa macho na kwa mikono. Bustani ya mafunzo haina budi kwenda vivyo hivyo.

Kwetu tumegawana hivi. Kila kitongoji kina tuta moja. Siku ya kliniki, kabla ya kupima watoto, tunafanya kazi kwa nusu saa na kujifunza jambo moja tu. Leo kupima tuta. Wiki ijayo samadi. Wiki nyingine kupanda. Mama anayejua kusoma huandika katika daftari: nani amekuja, tumepanda nini, tumevuna nini. Mali bila daftari hupotea bila habari. Mama akimaliza masomo, anapewa mbegu na kwenda kutengeneza tuta lake. Wenzake humtembelea, huuliza yale maswali ya mahali, na hutazama udongo alioutumia.

Kina baba nao waje. Baba anayetoka duarani avue nguo za kazi, aoge, ndipo aingie bustanini au ampakate mtoto. Vumbi la mgodi hutembea kwa nguo.

KUTOKA TUTANI HADI SAHANINI

Mboga nzuri inaweza kuharibikia jikoni. Osha mboga kabla ya kuikata, siyo baada. Ipike kwa muda mfupi, na maji yake usiyamwage. Tia karanga zilizotwangwa au mafuta kidogo, maana vitamini A huhitaji mafuta ili mwili uipokee. Kamua limau au kula matunda, kwani husaidia mwili kupokea madini ya chuma yaliyomo katika mboga. Chai usiinywe pamoja na chakula, maana huzuia madini hayo.

Wakati wa mvua mboga ni nyingi. Tengeneza nsansa kama mama zetu, lakini anika kivulini penye upepo, juu ya mkeka safi. Jua kali huharibu vitamini A. Usianike barabarani wala karibu na karasha.

Mtoto akifikisha miezi 6, anza kumpa mboga iliyopondwa vizuri pamoja na chakula kingine, huku akiendelea kunyonya. Usiache kumleta kliniki apate matone ya vitamini A kila baada ya miezi 6, mpaka afikishe miaka 5. Mama mjamzito ameze vidonge vya kuongeza damu anavyopewa. Na upungufu wa damu hauletwi na chakula peke yake. Malaria na minyoo pia huuleta. Kwa hiyo mtoto akiwa mweupe viganjani, mlete zahanati apimwe. Mchicha hautibu malaria. Vivyo hivyo mtoto asiyeona vizuri jioni aletwe siku hiyo hiyo. Usingoje mboga ikomae.

NENO LA MWISHO

Yule mama aliyenikasirikia hakuja kliniki mwezi mzima. Nilimfuata nyumbani. Nilimkuta nyuma ya nyumba, ameshika jembe. Alikuwa amepima meta 1 kwa meta 5. Nilipotaka kumsalimu, aliniambia, "Mganga, kabla hujasema neno, nimemwuliza baba mkwe. Hapa palikuwa zizi la ng'ombe, hapajaoshewa dhahabu hata siku moja." Sasa yeye ndiye anayefundisha somo la kuchagua mahali. Analifundisha vizuri kuliko mimi.

Ndugu msomaji, dhahabu huja na kuisha. Mtoto akilelewa vizuri atakuwa na nguvu za kufanya kazi yoyote. Tengeneza tuta, lakini kwanza ujue udongo wako umetoka wapi. Kinga ni bora kuliko tiba.

MASWALI YA KUJADILIANA KATIKA KIKUNDI

1. Marudio ni nini? Katika kijiji chenu yako wapi?

2. Kwa nini kuchemsha mboga hakutoshi kuondoa zebaki?

3. Wakati gani tunatumia tuta la kuinua, na wakati gani tuta la kuzama?

4. Chagueni mahali pamoja kijijini panapofaa kwa bustani ya mafunzo. Waulizeni wazee watatu historia ya mahali hapo. Andikeni majibu yao katika daftari la kikundi.